Mkufunzi ambaye hajawahi kupigana vita anamfundisha nini afisa mwanafunzi?

#1 Ngalawa ya Kirumba
Wakuu, habari za jioni.

Naleta hoja bila kuzunguka: mtu ambaye hajawahi kusikia risasi ikipita juu ya kichwa chake hapaswi kupewa kazi ya kufundisha sayansi ya kijeshi kwa vijana wanaoandaliwa kuwa maafisa.

Mjomba wangu yuko Magu, alivuka Mto Kagera na wenzake kwenye vita ya kumpiga Idi Amin, na Mungu akamrudisha. Mtoto wa dada yangu ni Luteni, kijana msomi, ndoto yake ni kuwa mkufunzi. Tulipokutana kwenye kikao cha ukoo mzee akamwuliza, "Utawafundisha nini, na vita hujaiona?" Kijana alijibu kwa adabu zote: kanuni za vita, historia, uongozi. Yote ya vitabuni. Mimi nimesimama na mzee.

Aliyeifanya kazi hii au aliyepita mikononi mwa wakufunzi aje atueleze. Wanafanya nini tangu alfajiri mpaka usiku, na wanapata wapi mamlaka ya kumwambia kijana wa watu "fanya hivi utapona"?

#2 Nyakato Sokoni
Naweka kambi hapa. Uzi huu utafika mbali.

#3 Kombati Kavu
Mkuu Ngalawa, nimepita Monduli, chuo cha maafisa wa jeshi, zamani, nikatoka jeshini nikiwa Kapteni, sasa nanunua dagaa Mwaloni. Nitasema yale tu yanayosemeka.

Watu wakisikia mkufunzi wa jeshi wanaona mtu wa kwata anayepiga kelele uwanjani. Huyo yupo na ana kazi yake. Ila anayekufanya uwe afisa mara nyingi hapigi kelele. Anakupa platuni, watu kama 30 ambao ni wanafunzi wenzako, na kilima cha kushambulia. Mmelala saa mbili, mvua imenyesha, na mwenzako mmoja anachechemea. Anakwambia una dakika 40 uwe umetoa amri, kisha anasogea pembeni na daftari.

Hapo ndipo utajua kama darasa liliingia. Amri ina mafungu matano: hali ilivyo, jukumu, utekelezaji, huduma, ukamanda na mawasiliano. Kuyakariri ni kazi ya jioni moja. Kuyatoa kwa watu waliochoka, kwa maneno mafupi, huku unajua nusu yao wanasinzia, hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Nimeona vijana waliokuwa wa kwanza kwenye mtihani wakisahau kuwaambia watu wao maji yatapatikana wapi.

Zoezi likiisha mnakaa chini. Mkufunzi mzuri hasemi "umekosea". Anauliza: ulipofika kwenye mti ule uliona nini? Ukaamua nini? Kwa nini hukumtuma mtu upande wa kulia? Anakuuliza mpaka unaona mwenyewe mahali ulipowaua watu wako. Wa kwangu hakuwahi kupigana vita, na mpaka leo nikitaka kuamua jambo zito namsikia akiuliza.

#4 Ngalawa ya Kirumba
Asante afande. Lakini umenithibitishia: kilima kile hakikuwa na adui.

#5 Kombati Kavu
Kilikuwa na wenzetu wa platuni nyingine waliopewa kazi ya kutukamata, na waliifanya kwa moyo wote.

#6 Mama Nshomile
Naomba kuongeza upande wa shule maana watu wanachanganya. Siku hizi Monduli wanatoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi yao wenyewe. Kwa hiyo mkufunzi ni mhadhiri kamili, anasahihisha mitihani na kusimamia tafiti. Ukisema asiyepigana vita asifundishe, utafunga darasa la historia, la sheria na la hesabu.

#7 Ziwa Kuu
Marekebisho kidogo, Mama Nshomile: shahada ile inatolewa kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Ndiyo maana utakuta mwanafunzi mmoja ana walimu raia na wakufunzi wanajeshi. Kamisheni ni jambo jingine kabisa, hiyo anatunuku Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na kijana anatoka pale akiwa Luteni Usu. Pia si kila anayepita Monduli anasoma shahada. Wapo wanaoingia wakiwa na digrii zao tayari, na wapo wanaotoka nchi rafiki.

#8 Mama Nshomile
Sawa, umenielimisha. Na hilo jina, Nshomile, yaani "nimesoma" kwa Kihaya, halimaanishi najisifu, naishi Bukoba tu.

#9 Nyakato Sokoni
Mtu wa Bukoba asiyejisifu? Huu uzi tayari una habari kubwa.

#10 Hesabu za Igoma
Hoja ya Ngalawa naipeleka kwenye hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Kama kigezo ni Vita vya Kagera, hakuna hata mkufunzi mmoja aliye kazini atakayefuzu.

Lakini msidhani jeshi limekaa tu tangu 1979. Walikwenda Anjouan, Comoro, mwaka 2008. Walikuwa Darfur. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda ile brigedi ya kujibu mashambulizi mashariki mwa Kongo, kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na waasi wa M23 walishindwa mwaka huohuo. Desemba 2017 tulipoteza vijana wetu Semuliki, hukohuko Kongo. Wapo maafisa waliotoka huko na wakarudi kufundisha. Hao hawajaisoma vita kitabuni.

#11 Mtoto wa Mgambo
Hapa ndipo pangu. Marehemu baba alikuwa mgambo, akapelekwa mbele na brigedi ya 201. Alikuwa Lukaya.

Kwa wasiojua, Lukaya iko barabara ya Masaka kwenda Kampala, na barabara pale inakatiza kinamasi kirefu. Jeshi letu lilikuwa limeongezeka zaidi ya mara mbili kwa wiki chache, na wengi wa brigedi ile walikuwa mgambo kama baba, wakulima wa pamba wiki chache kabla. Walipopigwa kwa maroketi ya Katyusha, mengi yalipita juu yakaangukia nyuma. Hayakuua wengi. Ila baba alisema ule mlio hakuna aliyewahi kuusikia, na watu walitawanyika ndani ya kinamasi.

Usiku ule ndio nataka muuangalie. Kamanda wa brigedi, Imran Kombe, na maafisa wake walizunguka gizani wakiwakusanya watu, wakawapanga upya. Wakati huohuo brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, ilitembea usiku kucha kuja kumpiga adui ubavuni. Alfajiri wakashambulia pande mbili na mambo yakageuka.

Sasa Ngalawa, niambie. Baba na wenzake walikuwa na "uzoefu wa vita" baada ya yale maroketi. Kilichowarudisha mstarini ni afisa aliyejua la kufanya gizani. Alijifunza wapi? Mtu alimfundisha kabla.

#12 Ngalawa ya Kirumba
Pole kwa mzee, na asante. Lakini na mimi naweza kuigeuza: mgambo walikimbia kwa sababu waliowafundisha hawakuwahi kusikia Katyusha. Wangewaambia.

#13 Hesabu za Igoma
Lukaya haikuwa Aprili karibu na kuanguka Kampala? Nakumbuka hivyo.

#14 Mtoto wa Mgambo
Hapana mkuu, Machi 10 na 11, 1979. Kampala ni Aprili 11, mwezi mmoja kamili baadaye.

#15 Mpima Ardhi MZA
Nimesoma yote mnabishana kuhusu risasi. Mimi si mwanajeshi, ni mpima ardhi, ila nimewahi kukaa na wakufunzi wa ramani nikaheshimu kazi yao kuliko hao wa vilima.

Ramani zetu za 1:50,000, ambazo sentimita 2 ni kilomita 1, nyingi zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Simu yako na kifaa cha GPS vinasoma mfumo mwingine, WGS 84, usipoubadilisha. Ukichukua namba za GPS ukaziweka kwenye ramani hiyo bila kujua, unakosea karibu mita 300. Kwenye karatasi ni milimita 6, hata hushtuki. Porini ni kijiji kingine ng'ambo ya korongo. Sasa fikiria afisa anaomba mizinga ipige mahali fulani, na amekosea mita 300.

Makosa ya namna hii hayahitaji mtu aliyepigana vita kuyafundisha. Yanahitaji mtu mwangalifu, anayerudia somo lile lile kwa kila kundi bila kuchoka. Na ubaya wake, ukijifunzia huku kwetu unabweteka. Mwanza iko karibu na ikweta na longitudo 33 inapita hapa jirani, kwa hiyo kaskazini ya gridi na kaskazini halisi zinakaribia kuwa kitu kimoja. Kijana akipelekwa kozi nchi za mbali na ikweta anakuta pembe inayobidi kuihesabu, na kama mkufunzi wake aliruka somo hilo kwa kuwa "hapa halina tabu", ataaibika.

#16 Nyakato Sokoni
Kwa hiyo ile siku nilimwelekeza mteja kwa namba za ramani ya kale akaenda kutokea Buhongwa nyingine, si kosa langu?

#17 Mpima Ardhi MZA
Mita 300 hazikufikishi Buhongwa, ndugu yangu. Hilo ni lako.

#18 Ranja wa Serengeti
Mwangaluka wote. Mnaongelea Monduli kana kwamba ndipo pekee. Hapa hapa Mwanza kuna Chuo cha Wanyamapori Pasiansi, kipo tangu 1966, na askari wa uhifadhi tunapikwa pale kijeshi: kwata, silaha, doria, kusoma nyayo. Siku hizi uhifadhi ni jeshi usu, tuna vyeo na nidhamu ile ile.

Nitasema jambo moja kuhusu wakufunzi wetu. Wengi wamekaa porini miaka na wamekutana na majangili uso kwa uso. Ukimfuata mmoja wao kwenye doria ya mafunzo unaona tofauti: anasimama ghafla, ananusa, anakwambia kuna watu walilala hapa. Kitabu hakina hicho. Kwa hiyo niko na Ngalawa kwa asilimia kubwa.

Lakini hao hao mafundi wa pori, baadhi hawawezi kueleza wanachokijua. Ukimwuliza "umejuaje?" anasema "utazoea". Kuna mmoja ambaye hakuwa na jina kubwa porini, ila alivunja kila hatua vipande vipande mpaka mjinga wa mwisho akaelewa. Yule ndiye tuliyemfuata usiku kumwuliza maswali.

#19 Kombati Kavu
#18 umenena. Kujua na kujua kufundisha ni kama mvuvi na fundi wa nyavu. Wapo wenye vyote viwili, ila ni wachache.

#20 Makoroboi
Wakuu angalieni msije mkamwaga siri za jeshi humu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 bado inauma.

#21 Ziwa Kuu
Hakuna siri iliyotajwa. Mafungu matano ya amri yako kwenye miongozo ya majeshi duniani kote. Kombati Kavu amekuwa mwangalifu kuliko sisi sote.

#22 Binti Nansio (Ughaibuni)
Nasoma Marekani, naongeza nilichokiona. Huku afisa anaweza kupatikana kupitia chuo kikuu cha kawaida, kwa mpango wa ROTC ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Kijana anasoma uhandisi au uuguzi, na pembeni anachukua masomo ya sayansi ya kijeshi. Alfajiri unawaona wanakimbia, saa tatu yuko darasani na sisi wengine amevaa kombati.

Mkuu wa idara ile, kwa kawaida Luteni Kanali, anaitwa profesa wa sayansi ya kijeshi. Yuko pale kwa miaka michache kisha anarudi vikosini. Chini yake kuna maafisa na masajini. Rafiki yangu mwanafunzi aliniambia maafisa wanawafundisha kupanga, ila sajini mkongwe ndiye anayewafundisha kuwa watu. Yeye ndiye anayemwambia kijana, "Ukifika kikosini usimwambie sajini wako namna ya kufanya kazi yake siku ya kwanza." Kiangazi wanapelekwa Fort Knox, Kentucky, zaidi ya mwezi mmoja, na huko wanapimwa na watu wasiowajua. Hili la mwisho nimelipenda sana: anayekufundisha siye anayekupima.

#23 Kombati Kavu
Sandhurst kule Uingereza ni hivyo hivyo. Wiki 44, na anayeshinda nao tangu kitanda mpaka gwaride ni sajinitaji. Jenerali Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wetu wa kwanza, alipita pale. Kwetu pia, muulize afisa yeyote jina la mkufunzi anayemkumbuka, wengi watakutajia mtu asiye afisa.

#24 Butiama Yetu
Mmetaja majenerali mkamsahau wa kwetu! Jenerali David Musuguri, aliyeongoza majeshi kwenda Kampala, mzaliwa wa Butiama, amefariki 2024 hapa Mwanza akiwa na zaidi ya miaka 100. Alipigana Madagaska wakati wa Vita Kuu ya Pili akiwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na baada ya hapo akafanywa mkufunzi huko Kenya. Miongoni mwa askari waliopita mikononi mwake ni Idi Amin.

Fikirini hilo. Mkufunzi aliyeiona vita, akamfundisha mtu, na miaka 30 baadaye akakutana naye vitani, akamshinda. Uzoefu wa vita ulimsaidia Musuguri. Lakini Amin naye alifundishwa na mtu huyohuyo. Kwa hiyo mkufunzi bora hakumfanya kila mwanafunzi kuwa askari bora.

#25 Mama Nshomile
Na Kikwete alikuwa mkufunzi mkuu wa siasa pale Monduli miaka ya 1980. Kazi ile haikuhusu risasi kabisa, ilihusu kwa nini unabeba silaha na kwa ajili ya nani.

#26 Wakili wa Capri Point
Hapo pa "kwa ajili ya nani" ndipo ninapotaka niingie. Mnalitaja somo la sheria kwa kupita tu. Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na itifaki zake mbili za 1977 zinamwambia Luteni Usu nini afanye na mateka, na majeruhi wa adui, na mama aliyekutwa kijijini. Luteni yule ana miaka 23, anaongoza watu wenye hasira ambao jana walimzika mwenzao. Wakimwuliza "afande, tuwafanye nini hawa?" ana sekunde chache.

Kwa maoni yangu hili ndilo somo gumu kuliko yote na ndilo linalohitaji mkufunzi mwenye msimamo. Aliyepigana vita anaweza kulifundisha vizuri mno au vibaya mno. Akiwa ameshuhudia mabaya akayazoea, anaweza kuwaambia vijana kwa nusu tabasamu kwamba kule mbele karatasi hazifanyi kazi. Sentensi moja ya namna hiyo inafuta muhula mzima.

#27 Ngalawa ya Kirumba
Wakili, hiyo imenigusa. Nitamsomea mzee. Nadhani atakubaliana na wewe, maana kuna mambo ya vita ile huwa hataki kuyasimulia.

#28 Mzazi Mkolani
Samahani wanangu, mimi ni mama tu. Binti yangu anataka kwenda huko. Je, wasichana wanafundishwa sawa na wavulana? Na mkufunzi akiwa mkali kupita kiasi mtoto anamlilia nani?

#29 Kombati Kavu
Shikamoo mama. Wanafundishwa pamoja na wanatunukiwa kamisheni siku moja, na kila mwaka wapo mabinti kwenye gwaride. Ukali upo, haukwepeki, lakini una mipaka na una ngazi za kupelekea malalamiko. Mwambie aanze kukimbia sasa na alale mapema. Asiende na mwili wa ofisini.

#30 Ziwa Kuu
Nirudi kwenye ufundishaji. Kama ningekuwa mkufunzi wa historia ya vita ningewaleta vijana hapa Mwanza niwasimamishe Capri Point. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Ukerewe mwezi Juni, ili wawe na mahali pa kuegemea, na Julai wakashusha askari ufukweni mashariki ya mji. Wajerumani wakaiacha Mwanza wakaelekea Tabora. Ukiwa umesimama pale unaona maswali yote: upepo unatoka wapi mchana, mashua itatua wapi kati ya miamba, chakula kitawafikiaje walioshuka, na kwa nini kisiwa kilichukuliwa kwanza. Hakuna risasi inayohitajika. Yanahitajika macho na mtu wa kuuliza.

#31 Butiama Yetu
Na Kisiwa cha Saanane pale jirani palipopigwa bomu na ndege za Amin.

#32 Ziwa Kuu
Ile ya Saanane ilikuwa ndege ya Libya, Tu-22, mwishoni mwa Machi 1979. Ilikuwa inatafuta bohari ya mafuta Mwanza ikakosa, wakafa swala.

#33 Nyakato Sokoni
Nimekulia hapa na sikujua. Kumbe tulikuwa tunakwenda kula sato na kupiga picha kwenye uwanja wa vita.

#34 Ngalawa ya Kirumba
Wakuu, nashukuru wote. Bado sijahama. Kila mliyemsifu amekutana na hatari mahali fulani, au amefundishwa na aliyekutana nayo. Kombati Kavu, mkufunzi wako hakupigana, lakini aliyemfundisha yeye je?

#35 Kombati Kavu
Alikuwa Kagera. Hapo umenishika kidogo.

#36 Hesabu za Igoma
Ndiyo, lakini mnyororo huo unakwenda mpaka wapi? Nchi ikikaa kwa amani miaka 60, tumshukuru Mungu, wakufunzi watatoka wapi?

#37 Ngalawa ya Kirumba
Wapelekwe misheni za Umoja wa Mataifa kwanza, ndipo wafundishe.

#38 Mpima Ardhi MZA
Na wakiwa wote misheni, nani anabaki kuwafundisha ramani?

#39 Ranja wa Serengeti
Wastaafu warudishwe.

#40 Nyakato Sokoni
Wastaafu na mbio za alfajiri wataziweza?

#41 Kombati Kavu
Mimi naziweza. Jumamosi saa 11 alfajiri, kutoka Rock City Mall hadi Pasiansi na kurudi. Nyakato Sokoni, uje na viatu.